Mwalimu ugenini: anza na maneno ya vijana wenyewe

Mkuu, umeuliza: wewe ni mwalimu, umehamia ugenini, vijana wa jamii yenu wanaacha shule mmoja mmoja na hujui uanzie wapi. Kazi hiyo nimeifanya miaka 11, nami ni mhamiaji kama wewe, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwahutubia. Nilitafuta ukumbi, nikaandaa mada za nidhamu na malengo. Wiki ya kwanza walikuja 30, ya tatu wakabaki 4. Nilikuwa nawahimiza wajitume watoto ambao tayari wamebeba nyumba nzima mabegani.

Aliyenifumbua macho ni kijana wa miaka 15 ambaye shuleni alijulikana kama mtoro. Siku moja alisahau daftari, nikalifungua kutafuta jina. Kurasa za mwisho zilijaa maneno ya lugha ya ugenini aliyoyanakili kutoka kwenye barua za ofisi zilizoletwa nyumbani kwao, yenye maana kama: malimbikizo, rufaa, dhamana, kibali. Kando ya kila neno kaweka maana kwa Kiswahili, mengine kayafuta na kuyaandika upya mpaka karatasi ikatoboka. Kumbe siku anazokosa shule huwa ofisini na mama yake, anamtafsiria. Yeye ndiye msemaji wa familia, na hakuna aliyewahi kumhesabia kazi hiyo.

Nikamwomba ruhusa, ile orodha tukaiandika ubaoni. Kila mmoja alikuwa na neno la kuongeza. Paulo Freire, mwalimu wa Brazili aliyefundisha watu wazima kusoma, alifanya hivyo nchini kwake: mwaka 1963, katika mji wa Angicos, wafanyakazi wapatao 300 walifundishwa kusoma kwa saa 40 hivi, kwa kutumia maneno ya maisha yao wenyewe. Mwaka uliofuata jeshi likapindua serikali, akafungwa, kisha akaishi uhamishoni hadi mwaka 1980. Naye alifundisha akiwa ugenini, na jambo hilo limenitia nguvu mara nyingi.

Lingine ambalo lazima ulijue ni suala la lugha. Mtoto mhamiaji huweza kuzungumza vizuri baada ya miaka 2 hivi, lakini lugha ya vitabuni na ya mitihani humchukua miaka 5 hadi 7, pengine zaidi. Jim Cummins, mtafiti wa lugha na elimu huko Kanada, alilionyesha hilo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walimu wanamsikia akiongea vizuri uwanjani, akifeli historia wanasema mvivu. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo na inauma, maana mtoto mwenyewe huanza kuamini. Nenda shuleni na hoja hii mkononi. Na wazazi usiwaruhusu waizime lugha ya nyumbani. Anayesoma vizuri kwa lugha yake huhamisha ujuzi huo kwenye lugha mpya.

Uanaharakati wetu ulitokea hapohapo ubaoni. Vijana walitaka ofisi moja iweke mkalimani mtu mzima, ili mtoto asiwe ndiye wa kumweleza mama yake habari nzito. Nilitaka niandike barua mimi, wakakataa. Waliandika wao, ikarudiwa mara 6, na aliyeisoma kikaoni ni yule "mtoro". Mimi nilikaa nyuma. Ilichukua miezi 8, mkalimani akapatikana siku 2 kwa wiki.

Tahadhari moja: kijana ambaye kibali cha familia yake bado hakijatoka usimweke mbele ya kamera, hata akiomba mwenyewe. Mpe kazi ya kuandika au kupanga. Picha ikishasambaa huwezi kuirudisha.

Wazazi watakushuku mwanzoni, hilo lisikuvunje moyo. Nenda nyumbani kwao, kaa, sikiliza.

Nieleze vijana wako wana umri gani na kama shule zao zina wakalimani, nikuandikie tulivyopanga vipindi vya miezi 3 ya kwanza.