Ukipewa Kuandika Maisha ya Luis Tiant: kwa Wanaoanza Kazi Dawati la Michezo

Wadogo zangu mlioingia dawati la michezo mwaka huu, siku moja mhariri atawapa jina la mtu aliyecheza mchezo ambao wasomaji wenu hawaujui, katika nchi ambayo hamjafika, na aliyestaafu kabla hamjazaliwa. Atataka makala kabla ya saa kumi jioni. Kazi ya namna hiyo huwa naifundisha kwa kumtumia Luis Tiant, mrushaji wa besiboli kutoka Cuba aliyefariki dunia tarehe 8 Oktoba 2024 akiwa na miaka 83. Maisha yake yana karibu kila mtego unaomnasa mwandishi mgeni: takwimu nzuri inayopotosha, takwimu mbaya inayopotosha zaidi, hadithi tamu iliyopinduliwa tarehe, na siasa iliyoingia mpaka chumbani kwa maharusi.

Mfikirie msomaji kwanza. Ukiacha vijana wachache wanaocheza Dar es Salaam na Uganda, wengi hawajatazama hata mechi moja ya besiboli mpaka mwisho. Usimpe darasa la sheria. Inatosha ajue kwamba mrushaji husimama juu ya tuta la udongo katikati ya uwanja na kurusha mpira kumpita mpigaji mwenye gongo, kwamba straiki tatu (mipira mizuri ambayo mpigaji ameikosa au kuiacha ipite) zinamtoa mpigaji, kwamba mpigaji hupata pointi akizunguka vituo vitatu na kurudi cha nyumbani alikoanzia, na kwamba mechi ina awamu tisa, ikiwa sare zinaongezwa. Mrushaji akimaliza zote tisa bila wapinzani kupata pointi, mwambie msomaji wa kandanda kwamba huyo ni kama kipa aliyemaliza dakika tisini bila kufungwa, na ataelewa. Kipimo chake kikuu ni wastani wa pointi anazoruhusu kwa kila awamu tisa, ukitoa zile zinazotokana na makosa ya wenzake uwanjani. Chini ya 3 ni mrushaji wa kiwango cha juu. Yaliyobaki yaeleze pale tu yanapohitajika.

Halafu achana na ile aya ya "alizaliwa tarehe fulani, mahali fulani". Tiant alizaliwa Marianao, Havana, tarehe 23 Novemba 1940, sawa, lakini kilichomtengeneza ni kwamba baba yake naye alikuwa mrushaji. Luis Tiant mkubwa alitumia mkono wa kushoto na alikuwa mahiri kweli, ila alikuwa mweusi, na ligi kuu za Marekani hazikuruhusu mchezaji mweusi mpaka Jackie Robinson alipoingia mwaka 1947. Mzee alicheza ligi za Weusi. Mwaka huohuo wa 1947 alikuwa na New York Cubans waliotwaa ubingwa wa ligi hizo, akiwa amevuka miaka 40. Mlango ulifunguka yeye akiwa anatoka. Akarudi Havana, akafanya kazi kwenye kituo cha mafuta. Hilo litaje mapema, kwa sababu miaka ya mbele, baba atakapokanyaga uwanja wa Boston, msomaji asipojua alikotoka hatajua kwa nini watu waliinuka vitini.

Kuhusu siasa, nawashauri mwandike kwa tarehe na mambo yaliyotendeka, bila kuhubiri. Tiant alikwenda kucheza Mexico mwaka 1959, akiwa na timu ya Tigres ya Mexico City, wakati mapinduzi ya Fidel Castro yana miezi michache. Mwaka 1961 akamwoa María, binti wa hukohuko Mexico, wakapanga kwenda Havana kwa fungate. Lakini mwaka huo uhusiano wa Cuba na Marekani ulikuwa umevunjika, Castro alikuwa amefuta besiboli ya kulipwa, na kutoka kisiwani kukawa shida. Baba akamwandikia barua: usirudi, huku hakuna kazi kwako. Alikuwa na miaka 20. Hakukanyaga tena Cuba mpaka mwaka 2007, miaka 46 baadaye. Mkipanga mambo haya kwa mfuatano, hamna haja ya kuandika neno "uchungu" hata mara moja.

Cleveland, timu ya ligi kuu ya Marekani, walimnunua mwishoni mwa 1961 kwa dola 35,000. Miaka ya ligi ndogo, ambako timu kubwa hukuza vijana wao, ipiteni haraka, ila msiache kusema kwamba kijana mweusi asiyejua Kiingereza alipelekwa Burlington, North Carolina, mwaka 1963, enzi ambazo kusini kulikuwa na migahawa na hoteli asizoruhusiwa kuingia. Mwaka 1964 aliweka rekodi ya kushinda 15 na kushindwa 1 akiwa Portland, akapandishwa. Mechi yake ya kwanza ligi kuu, tarehe 19 Julai 1964, ilikuwa New York dhidi ya Yankees, mrushaji wao akiwa Whitey Ford. Alishinda 3–0 na kuwatoa wapigaji 11 kwa straiki.

Sasa tufike pale ninapotaka mkae sana, misimu ya 1968 na 1969.

Ukisoma jedwali la 1968 utapagawa. Ushindi 21, vipigo 9, wastani wa 1.60 ambao haukufikiwa na mrushaji mwingine yeyote wa American League, mojawapo ya ligi kuu mbili za Marekani, mwaka huo, mechi 9 bila kuruhusu pointi, nne kati ya hizo mfululizo. Tarehe 3 Julai aliwatoa wapigaji 19 wa Minnesota kwa straiki katika awamu kumi. Awamu ya kumi ilianza kwa wapinzani kuwa na mtu kituo cha kwanza na mwingine cha tatu, bila aliyetolewa, naye akawatoa watatu waliofuata kwa straiki. Cleveland wakashinda 1–0.

Mwaka uliofuata: ushindi 9, vipigo 20. Hakuna mrushaji wa ligi hiyo aliyepoteza mechi nyingi kuliko yeye. Mwandishi mgeni hapo huandika "alianguka ghafla", kisha anatunga sababu, mara ulevi wa sifa, mara uvivu. Kabla ya kuandika hivyo, uliza kitu kimoja: wengine walifanyaje miaka hiyo? Mwaka 1968 warushaji wote walitawala. Bob Gibson wa St. Louis alimaliza na wastani wa 1.12. Denny McLain wa Detroit alishinda mechi 31. Bingwa wa wapigaji American League, Carl Yastrzemski, alitwaa taji kwa wastani wa .301, yaani alifanikiwa kupiga kama mara tatu katika kila kumi, kiwango ambacho miaka mingine kisingempa taji. Wenye ligi wakaona mchezo unapooza. Kwa msimu wa 1969 wakashusha tuta la mrushaji kutoka inchi 15 hadi 10, yaani kutoka kama sentimita 38 hadi 25, na wakapunguza eneo ambalo mpira ukipita huhesabiwa straiki. Wakaongeza na timu nne mpya.

Kwa hiyo sehemu ya ule uzuri wa 1968 ilikuwa ya tuta, na sehemu ya ule ubaya wa 1969 ilikuwa ya tuta pia. Sehemu nyingine ilikuwa ya timu: Cleveland walishinda mechi 62 na kupoteza 99, na mrushaji hawezi kushinda mechi ambayo wenzake hawapati pointi. Lakini msimtetee kupita kiasi. Mwaka huo Tiant aliwapa wapigaji 129 njia ya bure kwa mipira iliyokwenda nje, na akapigwa mipira 37 iliyovuka uzio, yote mawili kwa idadi iliyoongoza ligi. Hiyo ni mikono yake mwenyewe. Mwandishi mzuri hugawa lawama kwa haki, na haki hiyo huipata kwa kusoma jedwali la ligi nzima badala ya mstari wa mtu mmoja. Mimi mtu akiniletea makala ya mchezaji bila kutazama wenzake wa msimu huo, humrudishia.

Mtego wa pili ni hadithi ya mgongo. Tiant alijulikana kwa kugeuka mpaka akampa mpigaji mgongo, macho yakielekea nyuma ya uwanja, angani, kwa mashabiki, kisha mpira ukatokea kusikotarajiwa. Utakuta simulizi kwamba alibuni mtindo huo baada ya kuumia, mkono ulipoishiwa kasi. Inapendeza. Ila alianza kugeuka hivyo tangu 1968, akiwa na kasi yake yote, na jeraha lilikuja 1970 akiwa Minnesota, aliposhinda sita mfululizo kisha mfupa wa bega la nyuma ukapata ufa. Kilichobadilika baada ya jeraha ni matumizi: aliuendeleza ule mzunguko, akaongeza pembe za mkono na mipira ya polepole, kwa sababu hakuwa tena na mpira wa kasi wa kumwokoa. Hadithi ya kweli ina kazi zaidi kuliko ile ya kubuni, na mimi naiona nzuri zaidi.

Minnesota walimwacha Machi 1971. Atlanta wakamjaribu kwenye timu yao ndogo ya Richmond, wakamwacha. Boston wakamwokota. Msimu wa kwanza huko alishinda 1, akapoteza 7. Wa pili, 1972, alishinda 15, akapoteza 6, wastani 1.91, bora katika ligi. Hapa unaweza kumsifu bila woga, maana tuta lilikuwa lilelile la chini.

Mwaka 1975 ndio wenye hadithi, na kila mtu atakimbilia fainali, ambayo huchezwa kwa mechi hadi saba. Subirini kidogo. Mwezi Mei seneta George McGovern alikwenda Cuba na barua ya seneta Edward Brooke wa Massachusetts, akimwomba Castro awaruhusu wazazi wa Tiant kusafiri. Castro akakubali. Wakafika Boston Agosti, na tarehe 26 mzee alitembea hadi kwenye tuta la Fenway Park, uwanja wa Boston, akampa mwanawe koti amshikie, akarusha mpira wa heshima. Ulikwenda chini. Akaomba mpira, akarusha tena, sawasawa. Oktoba, wazee wakiwa jukwaani, mtoto wao aliwafunga Cincinnati 6–0 kwenye mechi ya kwanza ya fainali, na katika hiyohiyo, akikimbia kufunga pointi, alisahau kukanyaga kituo cha nyumbani, ikabidi arudi. Mechi ya nne alirusha zaidi ya mipira 150 na kushinda 5–4. Ya sita, iliyoahirishwa siku tatu kwa mvua, aliondoka timu ikiwa nyuma 6–3, wenzake wakaikomboa na kushinda awamu ya 12. Ya saba Boston walipoteza. Desemba 1976 baba alifariki, na siku mbili baadaye mama.

Sigara kubwa aliyovuta akiwa bafuni iwekeni katikati ya makala, sentensi moja. Na mkinukuu maneno yake, yaandikeni kwa Kiswahili safi. Magazeti ya enzi zile yalipenda kuandika Kiingereza cha wachezaji wa Amerika ya Kilatini kwa tahajia ya kukejeli lafudhi. Msiibebe kejeli hiyo.

Mwisho mtakutana na swali la Jumba la Umashuhuri, ambamo magwiji wa besiboli huingizwa kwa kura. Tiant alimaliza na ushindi 229, vipigo 172 na wastani wa 3.30. Catfish Hunter, wa enzi hizohizo, ana 224, 166 na 3.26, naye yumo tangu 1987. Tiant alipata asilimia 30.9 ya kura mwaka 1988, penye kuhitajika 75, na kura ya Desemba 2024 nayo ilimpita. Wekeni mistari hiyo miwili sambamba, msomaji ahukumu. Na kuhusu baba: Mei 2024 ligi kuu ziliingiza takwimu za ligi za Weusi kwenye hesabu zao rasmi, kwa hiyo namba zake zitafuteni kwenye kumbukumbu za baada ya mwezi huo, zile za vitabu vya zamani msizitumie.