Maswali ya Wasomaji: Waifai Isiyovuka Ukuta

Barua za mwezi huu zinahusu mtandao wa nyumbani. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa kuwa shida inayoelezwa humo inazikumba nyumba nyingi za kisiwani Mombasa.

SWALI: Assalamu alaykum. Nyumba yetu ya Mji wa Kale ni ya zamani, ya mawe na chokaa, na ina orofa moja juu. Fundi alipotuletea faiba aliifunga ruta sebuleni, nyuma tu ya mlango wa mbele. Hapo video hucheza bila kukatika, lakini katika chumba cha ndani ambamo wanangu husomea mawimbi hayafiki kabisa, na ghorofani yanafika kwa kubahatisha. Kampuni inanishauri nilipie kifurushi cha kasi zaidi. Kijana wangu mkubwa anataka tununue kifaa cha kurudia mawimbi. Nimsikilize nani? *Mama wa Mji wa Kale.*

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yetu. Kwa sasa usimlipe mtu yeyote. Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nayo ni intaneti inayoingia nyumbani kwa waya na mawimbi ya redio yanayoichukua kutoka kwenye ruta hadi vyumbani. Kifurushi kikubwa huongeza lile la kwanza pekee. Simama na simu hatua mbili kutoka ilipo ruta, upime kasi, kisha upime tena ukiwa chumba cha ndani. Iwapo sebuleni unapata kasi unayoilipia, basi kampuni imetimiza wajibu wake, na kuiongezea malipo ni sawa na kununua maji zaidi hali bomba la kwenda jikoni limeziba.

Kwenu kilichoziba ni ukuta. Kuta za matumbawe na chokaa ni nene mno, na kwa kuwa tuko pwani hushika unyevu, nao unyevu huyameza mawimbi. Hata dari haisaidii sana, maana juu ya boriti za mikoko kuna tabaka la mawe na chokaa. Ruta nyingi za siku hizi hurusha masafa mawili: gigahezi 2.4, ambayo hupenya vizuri zaidi lakini kwa kasi ndogo, na gigahezi 5, ambayo ina kasi kubwa lakini hudhoofika upesi mbele ya ukuta. Katika nyumba kama yenu, hayo ya pili hayatarajiwi kutoka nje ya chumba yanamorushwa.

Anzeni kwa kuihamisha ruta. Itoeni nyuma ya runinga au ndani ya kabati, muiweke juu, mbali na kioo kikubwa, jokofu na tangi la maji, na ikiwezekana iwe karibu na ngazi, kwa sababu uwazi wa ngazi ndio njia rahisi ya mawimbi kupanda ghorofani. Pengine hatua hiyo itatosha kwa huko juu. Kwa chumba cha ndani sidhani.

Kifaa anachokitaka kijana wako kina kasoro ambayo wauzaji hawaitaji. Hakiwezi kurudia kisichokifikia, kwa hiyo ukikiweka ndani ya chumba kisicho na mawimbi hakitafanya lolote. Hata kikiwekwa mahali pazuri, kile cha bei nafuu hutumia redio ileile kupokea na kurusha, na kasi hupungua karibu nusu. Ningependa fedha hizo mzitumie kununua waya. Kebo ya aina ya Cat5e hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na ukuta hauipunguzii chochote. Dukani ulizieni ya shaba tupu, si ile ya alumini iliyopakwa shaba, ambayo hukatika kwa urahisi ikikunjwa. Ipitisheni kando ya boriti, juu ya fremu za milango na pembeni mwa ngazi. Msitoboe ukuta wa nje kabla ya kuulizia ofisi ya hifadhi ya Makumbusho ya Taifa, kwani Mji wa Kale ni eneo linalolindwa, na kuta hizo haziwezi kurudishwa zilivyokuwa.

Mwisho wa waya huo wekeni ruta ya pili. Hata ile ya zamani iliyolala kabatini itafaa. Iunganisheni peke yake na kompyuta kwa waya, mfungue kivinjari na kuandika anwani iliyo kwenye kibandiko cha chini yake, ambayo aghalabu ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ipeni jina la mtandao na nywila zilezile za ruta ya sebuleni ili simu zihame zenyewe mtu anapotembea nyumbani, lakini chaneli, yaani njia ya mawimbi ndani ya masafa, iwe tofauti. Kisha ibadilisheni anwani yake isigongane na ya ruta kuu: kama kuu ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2. La mwisho kabisa, zimeni DHCP, yaani huduma ya kugawa anwani kwa vifaa, kwa sababu wagawaji wawili katika nyumba moja huvuruga mtandao wote. Nasisitiza liwe la mwisho, kwani mkiizima mapema kompyuta inaweza kukosa anwani na ukurasa wa mipangilio ukafungika kabla hamjamaliza. Waya wenyewe uingie kwenye tundu la LAN (la vifaa vya nyumbani) pande zote mbili, wala si kwenye lile la WAN (la intaneti inayoingia) lenye rangi tofauti. Ikiwa ruta ina hali ya AP, yaani ya kurusha mawimbi tu bila kugawa anwani, katika mipangilio yake, ichagueni hiyo, nayo itawafanyia sehemu kubwa ya kazi hii.

SWALI: Naishi kwenye jengo la ghorofa huko Nyali. Mchana intaneti huenda vizuri, lakini kuanzia saa mbili usiku inajikokota. Tunaambiwa kebo za baharini zinatua hapa hapa Mombasa. Inakuwaje sisi tulio karibu nazo tukose kasi? *Mpangaji wa Nyali.*

JIBU: Ndugu yetu, ni kweli kwamba kebo za TEAMS na SEACOM, zilizoanza kazi mwaka 2009, na EASSy ya mwaka 2010 zinatua Mombasa. Hata hivyo, kati ya ufuo na sebule yako kuna mitambo ya kampuni ambayo unaitumia pamoja na wateja wengine, nao wengi huwa nyumbani saa hizo. Ukaribu wa bahari haukupunguzii foleni hiyo.

Usiku huohuo inapojikokota, unganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya upime kasi. Ikiwa kwa waya pia iko chini, tatizo ni la kampuni. Andika saa na vipimo vya siku kadhaa uwapelekee, maana malalamiko yenye vipimo ni magumu kupuuzwa. Ikiwa kwa waya ni nzuri, basi mnagongana na majirani hewani. Katika masafa ya gigahezi 2.4 chaneli tatu tu, 1, 6 na 11, ndizo zisizoingiliana, na jengo zima linazigombania. Tumia programu ya simu inayoonyesha chaneli za jirani, uchague yenye msongamano mdogo kati ya hizo tatu, na upana wa chaneli uwe megahezi 20. Usijifiche kwenye chaneli ya 3 ukidhani ni tupu, kwani utasumbuliwa na walio kwenye 1 na walio kwenye 6. Runinga na kompyuta zihamishie gigahezi 5, ambako ukuta unaokutenga na jirani unakuwa msaada kwako.

Pia usidhani umepunjwa ukiona faili likishuka kwa megabaiti 5 kwa sekunde hali unalipia megabiti 40. Baiti moja ni biti nane, na hesabu hiyo ni sahihi.

SWALI: Umeme unapokatika na kurudi, simu husema imeunganishwa lakini hakuna kinachofunguka. Nifanyeje? *Mstaafu wa Likoni.*

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Tazama kwanza taa za kisanduku cha faiba. Ile iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga hauwafikii, na hakuna la kufanya kwenye ruta. Piga simu kwa kampuni, na usichomoe ule waya mwembamba wala kuuchungulia ncha yake, kwani mwanga usioonekana unaweza kudhuru jicho. Kama taa ni salama, zima vyote viwili, subiri nusu dakika, washa kisanduku, na kikitulia ndipo uwashe ruta. Mara nyingi baada ya umeme kurudi vifaa hivi huwaka pamoja, na ruta huomba anwani kabla kisanduku hakijawa tayari.

Yakishindikana hayo, mwombe mjukuu atazame anwani kwenye kompyuta. Ikianza na 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kutojibiwa na ruta. Ikiwa anwani ni ya kawaida lakini tovuti hazifunguki, jaribuni kuweka DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, ya 8.8.8.8 au 1.1.1.1. Betri ndogo ya akiba ya volti 12, kama ruta yako inatumia volti hizo, itaiepusha na mishtuko ya umeme. Kagueni pia ncha za waya zilizo barazani, kwa sababu hewa ya chumvi hutia kutu vishikizo vyake.

SWALI: Nywila yetu imesambaa mtaa mzima. Kubadilisha kunatosha? *Msomaji wa Kisauni.*

JIBU: Hakutoshi. Badilisha pia nywila ya kuingilia mipangilio ya ruta, ambayo watu wengi huiacha kama ilivyotoka kiwandani. Chagua ulinzi wa WPA3, au WPA2 kama una vifaa vya zamani. Ulinzi wa zamani wa WEP ulivunjwa tangu mwaka 2001 na haufai tena. Zima WPS, njia ya kuunganisha vifaa kwa kitufe au namba fupi badala ya nywila, ambayo udhaifu wa namba yake ya siri ulifichuliwa mwaka 2011. Kwa wageni fungua mtandao wao wa pembeni wenye nywila yake, ili utakapoibadilisha usilazimike kuigusa simu ya kila aliyemo nyumbani.