Fundi Tujibu: Sili mpya ya difu, mvujo ule ule

Fundi, habari za kazi. Nina Hilux ya diseli, ya zamani kidogo, nabebea matofali na mchanga hapa Morogoro. Sili ya difu, ule mpira wa kuzuia oili kwenye sanduku la gia la ekseli ya nyuma, pale propela (shafti ndefu inayotoka giaboksi) inapoingia, inavuja, nimeshabadilishiwa mara mbili ndani ya miezi mitatu, ya pili nikaweka na oili mpya kabisa, na bado kila asubuhi nakuta doa chini. Spana ninazo, Jumapili niko fri, nataka nifanye mwenyewe nyumbani. Naanzia wapi? Na hizi sili za siku hizi ni feki zote au vipi?

Salama kaka, pole na doa. Feki zipo, siwezi kukudanganya, ila sili ya kwanza ikivuja mi naitilia shaka sili, ya pili ikivuja pale pale naanza kumtafuta anayeziua. Kwa hiyo kabla hujashika spana yoyote ingia chini ya gari, pitisha mkono juu ya ekseli ya nyuma, utakuta kidude kidogo kama kikofia cha uyoga, au kwa gari nyingine kimpira kinachopanda mpaka kwenye chesisi. Hiyo ndo bridha, ndo pua ya difu. Difu ikifanya kazi inachemka, hewa ya ndani inatanuka inataka pa kutokea, sasa kama pua imezibwa na tope la Morogoro lililokauka basi hewa inasukuma oili ipite kwenye kitu dhaifu kuliko vyote, na kitu hicho ni mdomo wa sili. Unaweza kuweka sili ya dhahabu itavuja tu. Kikofia kinatakiwa kizunguke na kicheze kwa vidole, kikigoma loweka na dizeli, sugua na brashi, kikiendelea kugoma nunua kingine, hakina bei ya kukutisha.

Kitu cha pili ni flenji, ile sehemu ambayo propela inafungwa nayo na ambayo shingo yake ndo inazunguka ndani ya sili. Ukishaitoa ifute vizuri halafu pitisha ukucha kwenye shingo. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, hata kama kwa macho unaona kama mstari wa penseli tu, hapo ndo oili inapopitia. Dawa yake ni flenji nyingine, au ile bushi nyembamba ya chuma inayovalishwa juu ya shingo, au ujanja wa mafundi wa zamani, kuikalisha sili mpya milimita moja au mbili tofauti na ilipokaa ya zamani ili mdomo uguse chuma kipya. Huu ujanja nimeutumia sana na unafanya kazi, ila angalia usiizamishe sili mpaka ikaziba njia ya oili ya beringi.

Haya, sasa kazi yenyewe. Simamisha gari sehemu tambarare, weka kabari magurudumu ya mbele, jeki, halafu stendi za chuma. Usije ukatumia matofali unayoyabeba badala ya stendi, tofali la saruji linapasuka ghafla bila kukupigia hodi na wewe uko chini. Na kitu ambacho wengi wanasahau: ukishafungua propela, gia haishiki tena magurudumu ya nyuma, wala P haishiki kwa wenye otomatiki, kwa hiyo zile kabari za mbele ndo uhai wako.

Fungua nati ya kujazia kwanza, ya juu, kabla hujagusa ya kumwagia. Kwa Hilux nyingi zote mbili ni spana 24. Sababu ni rahisi, ukimwaga oili yote halafu nati ya juu ikakataa kufunguka utakuwa na gari isiyo na oili na huna pa kuijazia, na Jumapili fundi wa kuchomelea unampata wapi. Nati ya kumwagia ina sumaku, itazame. Uji wa kijivu laini kama grisi ni kawaida, ni gia zinasagika kidogo kidogo. Vikipatikana vipande unavyoweza kuviokota na kucha, acha habari ya sili, difu inabidi ifunguliwe.

Chukua tipeksi ile ya kufutia makosa ya kalamu, piga alama propela na flenji zirudi zilivyokuwa, halafu piga alama nyingine inayovuka nati kubwa ya katikati, flenji na ncha ya pinioni, ile shafti fupi yenye gia inayoingia ndani ya difu. Hii ya pili ndo muhimu kuliko zote. Ile nati haikazi flenji tu, inakaza pia beringi za pinioni, na ndani kwa difu nyingi kuna bushi laini ya chuma inayobonyea mara moja kwa kipimo maalum, haivimbi tena. Sasa kijana akija na bomba la mita moja akaikaza mpaka aone raha, beringi zinabanwa, zinachemka, na ukifika spidi 80 unasikia mlio kama nyuki yuko kwenye chupa. Ukilegeza ili kurudisha, bushi imeshabonyea, haina tena nguvu ya kusukuma, inabidi uweke nyingine mpya. Kwa hiyo hesabu mizunguko ya kufungua, rudisha mizunguko ile ile mpaka alama zikutane, ongeza unywele tu. Kabla hujafungua zungusha flenji kwa mkono uone uzito wake, na ukishafunga uzito uwe ule ule. Kama bushi ya difu yako imeshaguswa mara mbili na watu waliokaza kwa hasira basi kuna uwezekano pinioni ina mchezo, ishike flenji uisukume juu chini, ikicheza hakuna sili itakayovumilia. Hapo peleka kwa mtu mwenye vifaa vya kupimia, hii siyo tena kazi ya nyumbani.

Sili ya zamani itoe kwa bisibisi pana bila kukwaruza kiti chake. Mpya ina namba, mara nyingi tatu, ni milimita za tundu, upana wa nje na unene, nenda nazo dukani pamoja na sili ya zamani mkononi, usiende na jina la gari tu maana Hilux ziko nyingi kama wajomba. Zingine zina mshale wa upande wa kuzunguka, ufuate. Upande wenye kaspringi unatazama ndani kwenye oili. Paka grisi kidogo nyuma ya kaspringi kasiruke wakati unagonga, paka oili kwenye mdomo, halafu gonga kwa kipande cha bomba la plastiki kinachokaa sawa na ukingo, taratibu, huku na huku. Mi mwenyewe nikiwa bado mwanafunzi gereji niliivalisha flenji kavu kwa haraka, mdomo ukajikunja ndani, sikuona, nikafunga kila kitu na kukabidhi gari nikijisifu. Mteja alirudi kabla ya saa kumi jioni. Harufu ya oili ya difu haitoki mkononi siku mbili, ya siku ile naikumbuka mpaka leo.

Oili weka GL-5, 80W-90 au 85W-90 kwa joto letu hili, jaza mpaka ianze kutiririka yenyewe kwenye tundu la juu, ila gari iwe imelala sawa. Ukijaza nyuma ikiwa imenyanyuliwa na mbele iko chini kipimo kinakudanganya. Na usiongeze ya baraka, ikizidi nayo inatafuta pa kutokea.

Fundi, gari yangu oili inatoka kwenye gurudumu la nyuma kushoto, imeingia mpaka kwenye dramu, breki inavuta upande. Jirani ameniambia nizimwagie petroli hizo breki shu nizichome moto zitarudi. Kweli? Gari ni pikapu ya Toyota, niko Jangwani, Dar es Salaam, na masika tuliyopita ilikaa kwenye maji usiku mzima.

Mwambie jirani ahsante halafu usifanye. Oili inaingia mpaka ndani ya laini, yaani ule utando wa kusugua uliobandikwa kwenye shu, ukichoma unaunguza ya juu tu, ya ndani inarudi breki ikipata moto, na siku hiyo utakuwa kwenye mteremko. Nunua shu mpya, pande zote mbili, osha dramu. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo, laini za zamani zilikuwa na asbesto.

Ila wewe nakuhofia zaidi kwa hayo maji. Ekseli yenye moto ikizama kwenye maji ya baridi hewa ya ndani inasinyaa, difu inavuta maji kupitia bridha na sili. Chomoa nati ya kumwagia kidogo tu, oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa imeshaingia maji, imwage leo leo usisubiri mwisho wa mwezi, weka oili ya bei nafuu, tembea kidogo, mwaga tena, ndo uweke ya kukaa nayo.

Sili yenyewe: kwa pikapu nyingi za Toyota unafungua bomba la breki, kebo ya handibreki na nati nne za nyuma ya sahani ya breki, shafti inatoka na kila kitu chake. Ivute imenyooka, ni mzigo mzito huo, ukiuacha uning'inie meno yake yanachana mdomo wa sili unapoirudisha. Na lazima utoe hewa kwenye breki ukimaliza. Zungusha beringi kwa mkono ukiwa hapo, ikikwaruza ibadilishe, ila hiyo inatolewa kwa presi, usiipige nyundo.

Habari fundi. Mi nina Vitz, kuna oili inadondoka kwa ndani ya gurudumu la mbele. Fundi wa mtaani kasema ni sili ya difu, ninunue oili 90, ile nzito ya difu, tujazie. Ni sawa?

Dada subiri kwanza, hela ya oili 90 iweke kwenye pochi. Kwenye sili yupo sahihi, ila Vitz inavutwa na magurudumu ya mbele, difu yake imekaa ndani ya giaboksi na wanakunywa oili moja. Kama yako ni otomatiki au CVT (otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua), oili 90 humo ni kama kumnywesha mtoto mchanga supu ya kongoro. Inayotakiwa imeandikwa kwenye kitabu cha gari, na CVT inataka ya CVT peke yake, siyo ya otomatiki ya kawaida.

Akichomoa draivshafti hakikisha ana oili ya kurudishia tayari, maana itamwagika, na apime inayotoka kwenye chupa zilizoandikwa lita. Asubuhi kesho yake weka kipande cha boksi jeupe chini uone kama bado inadondoka.