Pikipiki ya sampu kavu: oili imekwenda wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Moshi, nina Yamaha XT500 ya zamani niliyoachiwa na mjomba. Ikikaa wiki mbili bila kuwashwa, kijiti cha kupimia oili kinatoka kikavu. Fundi wa hapa mtaani, ambaye amezoea Boxer, aliongeza karibu lita nzima. Nilipopiga kiki ilikuwa nzito, ikawaka kwa moshi wa bluu mtaa mzima, na oili ikamwagika hadi kwenye eya klina. Baada ya dakika chache moshi ukakata. Sasa naambiwa ringi za pistoni zimekufa, nishushe injini. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Usishushe injini kwanza, na usiongeze hata tone. Oili yako haikupotea. Ilihama tu, fundi akaongeza nyingine juu yake.

Boxer na pikipiki karibu zote za bodaboda hutunza oili chini ya injini yenyewe. Unaizima, unaiacha itulie, unapima, basi. XT500, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, haiko hivyo. Oili yake hukaa ndani ya mabomba ya fremu, juu kuliko pampu. Pampu ina sehemu mbili: moja inavuta oili kutoka kwenye fremu na kuisukuma kwenye krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na silinda hedi, nyingine inakusanya ile iliyodondoka chini na kuirudisha juu. Hii ya kurudisha hutengenezwa kubwa kuliko ya kupeleka, kwa sababu inatakiwa ikaushe chini kabisa na humeza hewa nyingi pamoja na oili. Sampu ni hapo chini ya injini, ndiyo maana ikaitwa sampu kavu.

Ukizima injini, pampu zote mbili zinasimama, lakini uzito wa oili iliyo juu unaendelea kusukuma. Injini nyingi za aina hii zina goroli ndogo yenye springi ya kuziba njia. Goroli ikikaliwa na uchafu, au kiti chake kikilika, oili hupenya polepole hadi chini. Hupenya pia kwenye nafasi za pampu iliyochoka. Kwenye XT500 kagua na ile sili ndogo ndani ya kifuniko cha kulia, mahali oili inapoingilia kwenye ncha ya krenki. Ikikauka huvuja, na ubaya wake zaidi ni kwamba inapunguza presha ya oili inayokwenda kwenye bearingi ya koniroda, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Ni kitu cha bei ndogo. Kifuniko kikifunguliwa kwa sababu yoyote, ibadilishe.

Kwa hiyo kiki ilikuwa nzito kwa sababu krenki ilikuwa inaogelea. Oili ilirushwa kwenye silinda ikazidi uwezo wa ringi kuikwangua, ukapata moshi. Nyingine ikatokea bomba la kupumulia, ikaingia eya klina. Pampu ya kurudisha ilipomaliza kuinyanyua, moshi ukakata. Ringi zilizokufa hazitoi moshi dakika tano kisha zikapona.

Ugonjwa huu wa kuhama oili wakati pikipiki imelala ni kero, hauui injini ukiuelewa. Waendeshaji wa Norton Commando za Uingereza wameishi nao tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na kiwanda kiliweka vali ya kuuzuia kwenye 850 Mk III ya mwaka 1975. Ninaouogopa mimi ni ule mwingine unaofanana nao: oili kujaa chini wakati injini inazunguka, kwa sababu hairudishwi. Huo ndio unaoua.

Kuyatofautisha magonjwa haya mawili, kwanza mwaga oili yote, ya fremu na ya chini, ujaze upya kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki hiyo. Iliyopo sasa imezidi, hakuna haja ya kubahatisha. Washa, iache ipate moto dakika chache, izime, isimamishe wima, pima papo hapo. Hicho ndicho kipimo cha kweli cha sampu kavu. Cha asubuhi injini ikiwa baridi hakikuambii kitu. Kisha endesha safari ya kawaida, simama njiani, pima tena. Kikiwa palepale, na kikishuka tu baada ya siku kadhaa za kulala, tatizo lako ni lile dogo.

Kikishuka ukiwa barabarani na hakuna uvujaji wala moshi wa kudumu, simama hapo hapo. Fungua kifuniko cha kujazia injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma taratibu bila kuvutwa mafuta, na umulike kwa tochi: oili inayorudi inatakiwa ije kwa kurukaruka, imechanganyika na mapovu. Isiporudi kabisa ndani ya dakika moja, zima. Fundi aanze na wavu wa chini ya injini, ambao huziba kwa vipande vya gasketi na silikoni iliyopakwa kwa wingi na mtu mvivu. Akitoka hapo akague oringi za njia ya kuvuta, maana ikiingiza hewa pembeni pampu hainyanyui kitu, halafu pampu yenyewe. Bomba la kupumulia lililoziba nalo huleta vurugu.

Jambo moja zaidi: nusa oili uliyomwaga. Ikinuka petroli na ni nyepesi kama maji, kabureta inavujisha petroli usiku hadi kwenye injini. Hapo rekebisha koki ya petroli na sindano ya floti, ile inayofunga petroli isiingie kabureta ikijaa, kabla ya kitu kingine, na usiwashe injini kwa oili hiyo.

Ukikuta ni lile dogo, iwashe kila wiki hadi ipate moto. Ikiwa imelala muda mrefu, fungua bolti ya chini, kinga oili kwenye chombo safi, irudishe kwenye fremu, ndipo upige kiki. Oili nzito kidogo, mfano 20W-50, hushuka taratibu zaidi kuliko nyepesi.

Utashauriwa pia kuweka koki kwenye mpira wa oili kati ya tangi la oili na pampu. Mimi ningekukatalia. Siku utakayosahau kuifungua, injini itazunguka bila oili na bearingi zitaanza kulika kabla hujafika mbali. Wanaoiweka kwa busara huiunganisha na swichi inayokata moto, injini isiwake koki ikiwa imefungwa. Kama fundi wako hawezi kuiunganisha hivyo, baki na bolti na chombo safi.