Mudogo wangu, kaa na fundi kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Likasi aliniandikia usiku wa manane. Ujumbe wake nauweka hapa alivyouandika, nimetoa jina tu: "Yaya, niko mwaka wa kwanza wa informatiki. Nataka kufanya akili mnemba lakini kompyuta yangu haina nguvu na mega zinaisha haraka. Mwalimu alitufundisha mambo ya kanuni, IKIWA hivi BASI vile, lakini wenzangu wanasema hayo ni ya wazee, yamekufa. Nisome nini?"

Nilimjibu mistari miwili, nikaifuta. Hilo neno "yamekufa" niliwahi kuambiwa mimi mwenyewe mbele ya ukumbi mzima, nimevaa shati la kuazima. Miaka mitatu imepita na bado linaniuma. Acha nisimulie, mudogo wangu, halafu utaamua mwenyewe.

Niko Lubumbashi. Anayeishi hapa hahitaji kuelezwa delestaji ni nini. Umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, mtaa mzima unasikia jenereta moja ya mwenye pesa, na wengine tunawasha simu. Ndiyo maana maduka ya paneli za jua yamejaa mjini. Moja ni la baba mkubwa wangu, upande wa Kenya, moja ya komini za Lubumbashi hapa hapa, si nchi ya Kenya. Anauza paneli, betri, inveta (kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha vifaa vya nyumbani), nyaya na taa. Alikuwa na vijana watatu wa kaunta, na alikuwa na tatizo: wateja walikuwa wanarudi.

Siku ya kwanza aliponiita, kulikuwa na mama mmoja amesimama kaunta na beseni lililofunikwa kitenge. Alifunua. Samaki. Harufu ilitufukuza wote hadi barabarani, akabaki yeye na baba mkubwa. Mama huyo alikuwa ameuziwa inveta ya wati 500 kwa ajili ya friza yake, maana karatasi ya nyuma ya friza iliandika wati 150. Kijana wa kaunta alipiga hesabu: 150 inaingia ndani ya 500, inabaki nyingi. Sasa mota ya friza inapoanza kuzunguka, kwa kitambo kidogo sana, inavuta mara kadhaa ya kile kilichoandikwa. Inveta ililia, ikazima, ikawaka, ikalia tena, usiku kucha. Asubuhi mtaji wote wa yule mama ulikuwa ndani ya beseni.

Baba mkubwa aliniambia: "Wewe ulisoma. Nitengenezee kitu cha kuwaambia hawa watoto wauze nini."

Nikafurahi. Wakati ule nilikuwa napenda mitandao ya neva, yaani akili mnemba inayojifunza yenyewe kutoka kwenye mifano, kama mtu anavyopenda mchumba wa kwanza. Nilichukua katoni la fakitire za zamani, zile karatasi za mauzo, nikaingiza 214 kwenye kompyuta kwa mkono: mteja ana vifaa gani, aliuziwa nini. Nikanunua mega za intaneti, nikafundisha mashine usiku, umeme ukiwepo. Mara ya tatu ikaanza kujibu vizuri ajabu. Nilipolinganisha majibu yake na fakitire ambazo haikuwahi kuziona, zilikubaliana mara nyingi mno. Nilichapa matokeo kwenye karatasi nikampelekea baba mkubwa kama diploma.

Hakuangalia karatasi. Aliuliza tu: "Friza ya wati 150?"

Mashine ikajibu: inveta ya wati 500.

Bila shaka. Ilijifunza kutoka kwa vijana wale wale wa kaunta. Niliifundisha makosa ya duka, ikayashika kuliko duka lenyewe. Ushauri wangu wa kwanza unatoka hapo, na uuandike mahali: kabla ya kuuliza una data kiasi gani, uliza data hiyo iliandikwa na mkono wa nani.

Nyuma ya duka, chini ya mwembe, alikuwepo fundi mmoja. Sisi wote tunamwita Muzee. Zamani alifanya kazi ya umeme migodini, sasa anafungua inveta zilizoungua na kuzirudishia uhai. Kila kosa la kaunta lilikuwa linaishia mikononi mwake. Hakuna aliyekuwa anamuuliza kitu, mimi nikiwa wa kwanza. Nilipita mbele yake mwezi mzima nikibeba kompyuta.

Nilipomwendea mwishowe, nilikosea tena. Nilifungua daftari nikamuuliza: "Muzee, nipe kanuni zako." Alinitazama kama nimemwomba meno yake. "Kanuni gani? Ile, mutoto, unaona tu."

Wiki mbili zilipita hivyo, "unaona tu" na "inategemea". Halafu siku moja nilimpelekea inveta iliyorudishwa na fakitire yake, nikauliza: "Hii ilikufa na nini?" Hapo mdomo ulifunguka. Aliniambia waya ulikuwa mwembamba na mrefu, ndiyo maana ncha zake zimeyeyuka. Inveta isikae mbali na betri zaidi ya mita mbili. Nikaandika. Nikaleta nyingine. Mtu anayejua kazi hakumbuki kanuni zake, anakumbuka kesi. Mpelekee kesi.

Nilikaa naye wiki sita, kila alasiri, na chai na mkate. Nitakuonyesha kimoja tu ili ujue ninachosema. Mimi nilikuwa nimesoma kwenye kitabu cha Ulaya kwamba paneli zielekezwe kusini. Nikamsomea. Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Mutoto, sehemu kubwa ya mwaka juba ya kwetu inapita kaskazini. Hiyi kitabu ni ya kwa Bazungu." Juba kwake ni jua. Sisi tuko chini ya ikweta, kama nyuzi 11 na nusu kusini, na nilifaulu jiografia, lakini ningewauzia watu wa Katuba, komini nyingine ya mji wetu, paneli zinazotazama upande usio wao. Akaongeza la vumbi: kiangazi, barabara zetu zikiwa nyekundu, paneli isiyooshwa inapoteza nguvu kidogo kila wiki, kwa hiyo anayekaa kando ya barabara ya udongo aambiwe siku ya kuosha hapo hapo anaponunua. Hilo halimo katika kitabu chochote nilichofungua.

Programu yenyewe niliiandika kwa CLIPS. Ni chombo cha bure kilichotengenezwa NASA, katikati ya miaka ya 1980, na kinakimbia hata kwenye kompyuta ya mitumba yenye kibodi isiyo na herufi A. Miezi ya kuandika naiacha, haina hadithi. Muhimu ni hili: unaweka kanuni upande mmoja, mambo unayoyajua kuhusu mteja upande mwingine, na injini katikati inatafuta kanuni ambayo sehemu yake ya IKIWA imetimia. Ikiipata inaongeza jambo jipya, na jambo jipya linaamsha kanuni nyingine.

Rudi kwa mama wa samaki. Kijana wa kaunta anaandika: friza, wati 150. Kanuni ya kwanza inaamka: IKIWA kifaa ni friza BASI kina mota. Ya pili: IKIWA kina mota BASI inveta iwe walau mara tano ya wati zilizoandikwa. Tunafika 750, na inveta inayofuata dukani ni ya 1,000. Hapo kanuni ya nyaya inaamka, maana wati 1,000 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 80, na waya mwembamba utayeyuka. Halafu betri: IKIWA betri ni ya asidi BASI hesabu nusu tu ya ujazo wake. Betri ya volti 12, ampea-saa 200, ina wati-saa 2,400. Nusu ni 1,200. Friza inayozunguka nusu ya muda inakula wastani wa wati 75, yaani saa 16 kwenye karatasi, kama 13 ukitoa kinachopotea ndani ya inveta. Mama anaondoka anajua samaki watafika asubuhi.

Kuna kitufe kimoja tu ninachojivunia: KWA NINI. Mteja akisema "mnataka kunila pesa", kijana anabonyeza, na kioo kinaonyesha kanuni moja baada ya nyingine mpaka mwanzo. Wazo si langu. MYCIN, programu iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1970 na Edward Shortliffe na wenzake, ilikuwa na kanuni kama 600 za maambukizi ya bakteria, na daktari aliweza kuiuliza kwa nini inamuuliza swali fulani. Haikuwahi kuingia katika kazi ya kila siku hospitalini, lakini kitufe hicho kinaishi komini ya Kenya, kwenye kaunta iliyopasuka kioo.

Basi, ukumbi. Nilipeleka programu kwenye shindano moja la vijana wa teknolojia. Jina silitaji. Nilionyesha friza, nikaonyesha nyaya, nikabonyeza KWA NINI. Mmoja wa waamuzi akaegemea kiti: "Kijana, hii ni ikiwa-basi tu. Akili mnemba iko wapi? Mambo haya yalikufa." Watu walicheka. Aliyeshinda alikuwa na programu ya kutambua magonjwa ya mihogo kwa picha, slaidi nzuri, na siku ile haikufunguka kwa sababu intaneti ilikuwa imeanguka. Yangu haikuhitaji intaneti. Hakuna aliyeliona hilo. Kadi ya kuvaa shingoni ya siku ile ninayo hadi leo, nimeining'iniza juu ya kompyuta kwa makusudi.

Nilirudi nyumbani nikasoma kwa hasira, na hasira ni mwalimu mzuri ukiipa kitabu. Nikakuta kwamba jambo letu la dukani lilishafanywa. Mwaka 1978 John McDermott wa Carnegie Mellon alianza kuandika programu iliyoitwa R1, baadaye XCON, kwa kampuni ya kompyuta ya Digital. Shida yao ilikuwa shida ya baba mkubwa: wauzaji walipokea oda za kompyuta za VAX, wakasahau nyaya, wakachanganya vipande. XCON ilifikia kanuni kama 2,500, na ilikadiriwa kuiokolea kampuni dola milioni 25 kwa mwaka. Huko California, SRI International walikuwa na PROSPECTOR, ya kupima dalili za madini ardhini. Watu wa Katanga, wa mkoa huu wa migodi, hebu fikirini hilo.

Na usidhani yote yako makumbusho. Nenda kituo cha afya chochote kinachofuata utaratibu wa OMS (Shirika la Afya Duniani) na UNICEF wa kutibu watoto. Muuguzi anahesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi kwa dakika moja nzima: mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya 12, pumzi 50 au zaidi ni za haraka; wa miezi 12 hadi miaka 5, ni 40 au zaidi. Ikiwa, basi. Kanuni hizo ziko kwenye karatasi ukutani, na hakuna mwamuzi anayezicheka.

Sasa sikia, mudogo wangu, na wewe unayesoma ukiwa na ndoto kama zake. Tunapenda vitu vikubwa vya mbali. Tunakopa pesa kununua mega za kupakua mashine ya watu wengine, na mzee anayejua kazi amekaa chini ya mwembe, hakuna anayemsalimu. Acheni. Kaa na fundi. Kama kazi unayoitaka ni kutambua picha au sauti, sawa, hapo kanuni zitakushinda, hakuna mtu anayeweza kukueleza kwa ikiwa-basi jinsi anavyoutambua uso wa dada yake. Lakini kama kuna mtu anayeweza kukueleza kwa nini, mtafute mtu huyo kabla ya kutafuta data. Kaa naye. Mnunulie chai. Uliza kesi, usiulize kanuni. Na ukimaliza, kaa naye tena, maana mara ya kwanza alikuficha nusu bila kujua.

Nisikudanganye, kuna gharama. Kanuni zikiwa 20 unazijua kama ndugu zako. Zikifika 60 zinaanza kugombana. Ile inayosema "ongeza betri" na ile inayosema "mteja ana pesa kidogo, punguza" zilinizungusha siku mbili mpaka nikaamua ipi ina neno la mwisho. Hata watu wa XCON walisumbuka hivyo kwa kuitunza.

Dukani tuko na kanuni 62. Misimu mitatu ya mvua imepita, na tangu tulipoanza hakuna friza iliyorudi na beseni. Mama wa samaki ana friza mbili sasa. Ya pili alikuja kuinunulia inveta mwenyewe, akambonyezea kijana kitufe.

Nilitaka kumaliza hapa, lakini leo asubuhi Muzee amenipigia. Baba mkubwa ameleta betri za lithiamu, katoni nane. "Mutoto, hizi hazitaki nusu. Hizi unaweza kula mpaka karibu chini. Ile kanuni yako ya asidi isiziguse." Nimezihesabu: kanuni 11 zinategemea ile nusu. Saa tisa nitakuwa chini ya mwembe na daftari jipya, na kijana wa Likasi nimemwambia akipata basi aje.