Jibu: Kwa nini shule ya Kikuyu inaitwa Alliance?

Ndugu, umeuliza jina la Alliance, shule ya sekondari iliyo katika mji wa Kikuyu nchini Kenya, lilitoka wapi, na kama shule ilikuwa ya serikali tangu mwanzo. Hapana. Ilifunguliwa Machi 1926 na muungano wa misheni za Kiprotestanti, na jina linatokana na muungano huo: "alliance" ni neno la Kiingereza lenye maana ya muungano. Lakini aliyeipa sura tunayoijua, kwa maoni yangu, ni Edward Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge aliyetoka shule ya Maseno, magharibi mwa Kenya, mwaka 1940 akawa mwalimu mkuu hadi 1962. Mawaziri wengi wa kwanza wa Kenya huru walisomea hapo. Hebu fikiria, mji mdogo kama Kikuyu! Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliingia 1955, Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni wakati wa Mau Mau ikiwa bado imetanda. Leo ni shule ya umma ya kitaifa.