Ukitaka mkulima alinde ndege, anza na kwelea kwelea

Mi nalima mpunga Igunga huku, pembeni ya mbuga ya Wembere, na semina za uhifadhi nimekaa za kutosha kujua zinakwama wapi. Mtaalamu anasimama anasema tuwalinde ndege, na kila aliyekaa pale anawaza kwelea kwelea, vile vindege vinavyomaliza nafaka shambani. Imeisha hiyo. Mtu ambaye mtoto wake haendi shule vizuri kwa sababu anaamia ndege toka alfajiri mpaka jua linazama, utaanzia wapi kumwambia mambo ya kulinda?

Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 kwa siku, kidogo tu, ila hawa wanatembea kwa mamilioni, na milioni moja ni tani 10 kwa siku, hapo hujagusa zile punje wanazopukutisha chini. Kwa hiyo nyie maafisa ugani na watu wa miradi, ongeleeni hilo kwanza, nani apigiwe simu, makundi yamelala miiba ipi, wapulizaji waje lini, maana wakishahamia kwenye majaruba ni kelele na madebe tu. Mkishalibeba hilo ndo mtu atakusikiliza habari za korongo taji.

Na kiukweli hatuwachukii ndege wote bana. Yangeyange nani anamfukuza? Anafuata ng'ombe na plau anajilia panzi, hana shida na mtu. Korongo taji ana lawama kidogo za kufukua mbegu lakini watu wanampenda. Kesi ngumu ni bundi, maana pale hatuongelei mpunga tena, akitua juu ya bati usiku nyumba nzima hailali. Ubishi wa uchawi sijawahi kuushinda na siku hizi siuanzishi, nauliza tu panya shamba wanaomaliza mahindi yako usiku unataka aliwe na nani, hapo mtu anatulia kidogo. Halafu namwambia apunguze sumu ya panya, kwa sababu bundi akimla panya aliyelishwa sumu na yeye anaondoka.

Dawa ya kwelea nayo ni hivyo hivyo. Fenthioni, ile sumu wanayopulizia, haichagui, mwewe na bundi wakila kwelea waliopuliziwa wanakufa, na wewe usiwaokote ukakaange, najua ni watamu ila hao waache kabisa.

Sasa shambani kwako. Korongo taji anataga mayai 2 au 3 kwenye majani marefu ya majimaji na analalia kama mwezi mzima, na toka 2012 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wamemuweka kwenye walio hatarini kutoweka. Kile kipande cha bondeni ambacho hata mpunga haukai vizuri kiache na majani yake, usikichome. Kwenye shamba lenyewe, ukiita kombaini ya kuvuna mwambie dereva aanzie katikati aje nje, ukianzia pembeni kwale na vifaranga wanabanwa katikati wanasagwa, na mafuta hayaongezeki kihivyo.

Ila kitu kimoja, ongea na wafugaji mapema kabla ya kiangazi kukaza, mkubaliane hata mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, maana hicho kipande ulichoacha kikibaki cha kijani peke yake mbuga nzima, ng'ombe watakiona kabla ya korongo.